Pesa Isiyo na Bosi: Basi Nani Huamua?

Swali moja linalorudi mara kwa mara kutoka kwa wateja wetu wa Minjila na Garsen ni hili: "Hii Bitcoin mwenyewe ni nani?" Jibu linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni kwamba haina mwenyewe. Haina benki, haina serikali, haina ofisi kuu, kwa hivyo hakuna mtu wa kukupangia.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ofisi kuu kweli haipo. Lakini sheria zipo, na wakati mwingine hubadilishwa, na zikibadilishwa kuna watu waliokubaliana au waliokosana. Kabla hujachukua pesa ya mbuzi au ya maembe ukaiweka huko, ni vizuri ujue watu hao ni kina nani, na wewe una sauti kiasi gani kati yao.

Leo tutaeleza jambo hilo pole pole. Hatukuambii ununue wala usinunue. Sisi ni kampuni ya malipo, tuna biashara yetu, kwa hivyo soma, pima, kisha uamue mwenyewe.

Tuanze na pesa unayoijua

Ukituma pesa kwa simu, kuna mlolongo wa watu wanaojulikana. Kampuni inayotoa huduma ina jina na ofisi. Pesa zenu wateja huwekwa kwenye akaunti za amana katika mabenki, mbali na pesa za kampuni yenyewe. Juu ya kampuni kuna Benki Kuu ya Kenya, ambayo inasimamia huduma hizi chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya mwaka 2011.

Faida ya mpango huu ni kwamba uamuzi unaweza kutoka haraka. Unakumbuka Machi 2020, korona ilipoingia? Benki Kuu ilitangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu hakutakuwa na ada. Nchi nzima ilipata nafuu hiyo karibu mara moja, na ikaendelea mpaka mwisho wa mwaka. Hakuna mteja aliyepiga kura. Wakubwa waliketi, wakaamua, basi.

Hasara yake ni hiyo hiyo. Ada ziliporudi Januari 2021, hakuna aliyekuuliza pia. Ofisi inayoweza kukupunguzia ndiyo inayoweza kukuongezea. Inaweza hata kufunga akaunti yako, kwa sababu nzuri au kwa makosa. Lakini angalau unajua mlango wa kubisha.

Kripto ni daftari moja lenye nakala nyingi

Bitcoin ilianza Januari 2009. Aliyeiunda alitumia jina la Satoshi Nakamoto, na mpaka leo haijathibitishwa alikuwa nani. Baada ya miaka kama miwili alinyamaza, akawaachia wengine kazi. Kwa hivyo tangu mapema mtandao huu umeendelea bila mwanzilishi wake.

Fikiria daftari la chama. Kwenye chama cha kawaida, daftari huwa kwa katibu. Katibu akiamua kufuta jina lako, una shida. Sasa fikiria kila mwanachama ana nakala kamili ya daftari, na kila muamala mpya unaandikwa kwenye nakala zote. Mmoja akidanganya, wengine wote wataona kwamba nakala yake hailingani na zao. Hiyo ndiyo blokicheni.

Lakini chama hakina daftari peke yake, kina katiba pia. Mchango ni kiasi gani? Mkopo unalipwa lini? Mwanachama mpya anaingiaje? Bitcoin nayo ina katiba, ila imeandikwa ndani ya programu ya kompyuta. Inasema sarafu zote hazitazidi milioni 21. Inasema ukurasa mpya wa daftari hufungwa takriban kila dakika 10. Ugomvi wote tutakaoueleza hapa unahusu jambo moja: nani ana haki ya kugusa katiba hiyo?

Sisi wa Tana River jambo hili si geni. Mto Tana hauna mwenyewe. Lakini mfugaji hapeleki ng'ombe mtoni popote anapotaka, anapita kwenye malka, njia ya mifugo inayojulikana, ili shamba la mkulima lisikanyagwe. Malka ikizibwa au ikihamishwa, wazee wa gasa na wazee wa matadeda huketi. Mto ni wa wote, lakini njia ya kuufikia ina makubaliano. Na sote tunajua gharama ya makubaliano hayo yakivunjika.

Wanaovutana ni kina nani?

Kwenye mtandao kama wa Bitcoin kuna makundi manne makubwa.

La kwanza ni waandishi wa programu. Hawa ndio huandika mabadiliko. Wanaweza kupendekeza chochote, lakini hawawezi kuingiza programu mpya kwenye kompyuta ya mtu mwingine bila yeye kukubali.

La pili ni wachimbaji. Hawa wana mashine zenye nguvu zinazofunga kurasa za daftari, na hulipwa kwa sarafu mpya na ada. Bila wao miamala haiendi.

La tatu ni watu wanaohifadhi nakala kamili ya daftari kwenye kompyuta zao na kukagua kila ukurasa. Ukurasa ukivunja sheria, kompyuta zao huukataa, hata kama mchimbaji aliyeuleta ni mkubwa namna gani.

La nne ni kampuni: masoko ya kununua na kuuza sarafu, na wenye pochi za simu. Hawa ndio wenye wateja wengi, na watu wengi hawajawahi kugusa kripto kwa njia nyingine isipokuwa kupitia kwao.

Na wewe uliyenunua sarafu kidogo kwenye simu, uko wapi? Mara nyingi uko nyuma ya kundi la nne. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 2017: ugomvi wa ukurasa

Kila ukurasa wa Bitcoin ulikuwa na kipimo cha juu, megabaiti 1. Kwa kipimo hicho mtandao mzima haungeweza kupitisha zaidi ya miamala kama 7 kwa sekunde. Watu walipoongezeka, foleni ikawa ndefu, na kwenye foleni hiyo anayelipa ada kubwa ndiye hupita kwanza.

Kuanzia 2015 pande mbili zikavutana. Upande mmoja ukasema tuongeze ukurasa, watu waweze kulipia vitu vidogo kwa bei nafuu. Upande wa pili ukasema ukurasa ukiwa mkubwa, daftari litakuwa zito, mtu wa kawaida hataweza kuhifadhi nakala nyumbani, na mwishowe nakala zitabaki kwa kampuni kubwa tu. Ukiangalia vizuri, pande zote mbili zilikuwa zinamtetea mtu mdogo. Zilitofautiana tu juu ya kitu anachohitaji zaidi: ada ndogo, au uwezo wa kujikagulia daftari mwenyewe.

Mei 2017, kampuni zaidi ya 50 zilikutana New York na kutia sahihi mkataba. Pamoja nao walikuwa wachimbaji wenye zaidi ya asilimia 80 ya nguvu zote za uchimbaji. Walikubaliana mambo mawili: kwanza kurekebisha namna data inavyopangwa ndani ya ukurasa, kisha kuongeza ukubwa wake mara mbili. Kwa hesabu ya kawaida mambo yalikuwa yameisha. Wenye pesa wameamua, wenye mashine wameamua.

Hayakuisha. Watumiaji wengi wenye nakala za daftari walisema hawakuketi kwenye kikao hicho na hawataongozwa nacho. Wengine wakaweka tarehe yao wenyewe, Agosti 1, 2017: kuanzia siku hiyo kompyuta zao zingekataa kurasa za mchimbaji ambaye hajakubali rekebisho la kwanza. Ilikuwa kama wateja wa soko kumwambia mwenye duka kubwa, "Bidhaa yako tutaiacha mezani."

Rekebisho la kwanza lilianza kufanya kazi Agosti hiyo hiyo. Waliotaka ukurasa mkubwa kabisa walijitoa Agosti 1 wakaanzisha sarafu yao, Bitcoin Cash. Na ule mpango wa kuongeza ukubwa mara mbili, waliousimamia wenyewe waliufuta Novemba 8, 2017, wakisema makubaliano hayakutosha.

Kujitoa kwa namna hii ni kama njia panda yetu ya Minjila. Magari yanatoka Malindi pamoja, lami ni moja, abiria wanasimulia hadithi moja. Yakifika hapa, mengine yanashika ya Witu na Lamu, mengine yanaendelea Garsen na Hola. Aliyekuwa na Bitcoin kabla ya siku hiyo alijikuta na sarafu za pande zote mbili. Baada ya hapo kila upande una daftari lake na bei yake.

Je, mtu mdogo alishinda? Ndiyo na hapana. Kampuni na mashine kubwa zilishindwa kumlazimisha. Lakini Desemba mwaka huo ada ya wastani ya muamala mmoja wa Bitcoin ilipita dola 50. Kwa pesa hiyo hutumi nauli ya mtoto wa shule. Kulinda katiba kulikuwa na bei yake, na aliyetaka kutuma kidogo ndiye aliyeilipa.

Kura ikihesabiwa kwa mfuko

Mitandao mingine ilisema: kwa nini tugombane? Tupige kura. Shida ni kwamba kwenye mitandao mingi hii kura haihesabiwi kwa kichwa, inahesabiwa kwa sarafu. Sarafu moja, kura moja. Mwenye elfu ana kura elfu.

Mfano wa kwanza ni Ethereum. Mwaka 2016 watu waliweka pesa pamoja kwenye mfuko ulioitwa The DAO, ambao ungeendeshwa na programu bila meneja. Juni 17, mtu alipata upenyo kwenye programu na kutoa takriban ether milioni 3.6. Ugomvi ukaanza. Wengine walisema programu ndiyo sheria, iliruhusu, basi imekwisha. Wengine walisema wizi ni wizi, turudishe daftari nyuma. Kura ikapigwa kwa uzito wa sarafu, na ni sehemu ndogo tu ya sarafu zote iliyoshiriki. Walioshiriki wengi walitaka pesa zirudishwe. Julai 20, 2016 daftari lilibadilishwa na wenye pesa wakarudishiwa. Waliokataa wakabaki na daftari la zamani, na sarafu yao inaitwa Ethereum Classic mpaka leo.

Angalia hapo. Uliambiwa daftari halifutiki. Kumbe likitikiswa na watu wa kutosha, linabadilika. Safari hiyo lilibadilika kuwasaidia walioibiwa. Lakini waliookolewa walikuwa na kiasi kikubwa kilichogusa wengi. Mtu mmoja aliyetuma kwa namba isiyo sahihi hatafanyiwa hivyo.

Mfano wa pili ndio unaokuhusu zaidi. Mapema 2020 mfanyabiashara Justin Sun alinunua kampuni ya Steemit, iliyokuwa na sarafu nyingi za mtandao unaoitwa Steem. Wasimamizi waliochaguliwa na watumiaji waliogopa atatumia sarafu hizo kutawala kura, wakazizuia. Mwanzoni mwa Machi, masoko ya Binance, Huobi na Poloniex yalipiga kura, na kura hizo zikawaondoa wasimamizi hao. Masoko hayo yalipiga kura kwa sarafu gani? Za wateja. Watu walikuwa wameweka sarafu zao sokoni kwa usalama tu, na zikatumika kupiga kura ambayo wao hawakuijua. Baada ya kelele, Binance na Huobi waliondoa kura zao. Sehemu kubwa ya watumiaji ilihama, na Machi 20, 2020 wakaanzisha mtandao wao, Hive.

Ndiyo maana tulikwambia ukumbuke uko nyuma ya nani. Sarafu zikikaa kwa mwenye soko, zikihesabiwa kura, anayehesabiwa ni yeye.

Hapa kwetu Pwani yamewahi kutokea pia

Usidhani mambo haya ni ya New York peke yake. Mei 2013, wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Wazo lilikuwa rahisi. Mama wa samaki hana shilingi, fundi wa baiskeli hana shilingi, lakini kila mmoja ana kitu cha kumpa mwenzake. Vocha inaandika deni na kulizungusha mpaka lirudi.

Muda mfupi baadaye watu 6 walikamatwa, akiwemo Will Ruddick, Mmarekani aliyesaidia kuanzisha mpango huo. Walishtakiwa, kana kwamba wameghushi pesa. Mashtaka yaliondolewa mwaka huo huo. Swali la serikali lilikuwa lile lile la leo: nani amekupa ruhusa ya kutoa kitu kinachofanana na pesa?

Mpango ulikua. Shirika la Grassroots Economics liliuhamishia kwenye blokicheni kwa jina la Sarafu, na mtu aliweza kuutumia hata kwa kabambe. Kati ya mwanzo wa 2020 na katikati ya 2021 Sarafu ilikuwa na takriban watumiaji 40,000, wengi wao Kinango kule Kwale na Mukuru jijini Nairobi. Kwa mama wa Kinango ambaye shilingi zilikuwa zimekauka wakati wa korona, ilimsaidia kupata unga.

Lakini hapo pia: nani huamua? Wakati huo shirika ndilo liliendesha mfumo. Lilisajili watu, likatoa sarafu kwa wanaojiunga, likabadilisha masharti. Daftari lilikuwa kwenye blokicheni, lakini usukani ulikuwa ofisini. Baadaye shirika lilibadilisha mpango, ili kila kikundi kitoe vocha yake na kijibu ahadi zake chenyewe. Yaani usukani ukasogezwa karibu na chama, ambako mtu akikosea unajua nyumba yake.

Hatusemi njia moja ni bora kuliko nyingine. Ofisi moja inaweza kukusaidia haraka. Chama kinakujua kwa jina, lakini chama nacho kina maneno yake, mnajua. Tunachosema ni kwamba neno "blokicheni" peke yake halikwambii usukani uko wapi.

Sheria ya Kenya inafika wapi?

Desemba 2015 Benki Kuu ilitoa tahadhari kwamba sarafu hizi si pesa halali nchini na hazisimamiwi, kwa hivyo ukipoteza huna ulinzi. Miaka 10 baadaye hali imebadilika kiasi. Oktoba 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya ya kusimamia watoa huduma za mali za kidijitali. Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndizo zimepewa kazi ya kutoa leseni na kusimamia.

Soma jina lake tena: watoa huduma. Sheria inamshika mwenye duka, haishiki sarafu. Soko lenye leseni likikufanyia vibaya, kuna mahali pa kulalamika. Lakini wachimbaji wa nchi nyingine wakibadilisha katiba ya mtandao kesho, hakuna afisa wa Nairobi, wala wa Hola, atakayewazuia.

Maswali 5 kabla ya kuweka hata shilingi

Mtu akikuletea sarafu mpya, awe rafiki, ndugu au kijana mwenye suti, muulize hivi:

1. Nani anaweza kubadilisha sheria za sarafu hii? Akijibu "hakuna mtu", muulize tena.

2. Kura inahesabiwa kwa kichwa au kwa sarafu? Na watu 10 wakubwa wana sarafu kiasi gani?

3. Sarafu zangu zitakaa kwangu au kwa soko? Zikikaa kwa soko, nani anazipigia kura? Soko lina leseni hapa Kenya?

4. Mtandao ukigawanyika, nitapata sarafu za pande zote mbili, au soko litaniamulia?

5. Nikituma kimakosa, nitampigia nani? Kwenye Bitcoin jibu ni hakuna. Ukitaka kuwa bosi wa pesa yako, wewe ndiye huduma kwa wateja pia.

Ukikosa majibu mawili au matatu hapo, subiri. Mbuzi atakuwa bado yuko zizini, na pesa iliyo kwenye simu yako haitaozea huko.

Pia kumbuka: mitandao mikubwa hii haina wafanyakazi wanaopiga simu. Mtu akikupigia akisema ametoka "ofisi ya Bitcoin", au akikuomba PIN yako au maneno ya siri ya pochi yako ili "akuthibitishe", huyo ni tapeli. Kata simu. Nasi pia hatutakuomba PIN hata siku moja.

Kama kuna swali ambalo hatujaligusa, mwulize wakala wetu aliye karibu nawe au utupigie kupitia namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye menyu ya simu yako.